Kesi ya ugaidi iliyokufa bila hukumu, na deni lililobaki Mwanza

Usiku wa kuamkia Julai 21, 2021, polisi waliingia katika hoteli moja jijini Mwanza na kumkamata Freeman Mbowe, wakati huo Mwenyekiti wa Chadema Taifa, pamoja na viongozi wenzake kadhaa. Siku hiyo lilikuwa lifanyike kongamano la kudai Katiba Mpya. Mamlaka za mkoa zilikuwa zimeshazuia mikusanyiko kwa hoja ya kujikinga na Uviko-19, na chama kikasema kongamano liko palepale. Hadi hapo ulionekana ni ule mvutano tuliouzoea kati ya polisi na wapinzani: mtu anakamatwa, analala mahabusu, wakili anahangaikia dhamana, kesho yake anatoka. Safari hii mambo yalikwenda kwingine. Mbowe alisafirishwa hadi Dar es Salaam, na Julai 26 akapandishwa kizimbani katika Mahakama ya Kisutu kujibu mashtaka ya kula njama na kufadhili ugaidi. Shtaka la namna hiyo halina dhamana.

Alikaa ndani zaidi ya miezi saba. Machi 4, 2022, Mkurugenzi wa Mashtaka, DPP, aliieleza mahakama kwamba hana nia ya kuendelea na kesi hiyo. Jioni yake Mbowe alikuwa Ikulu, ameketi na Rais Samia Suluhu Hassan, na picha zao zikaenea nchi nzima. Wengi tulipumua. Nchi ilikuwa imechoka na ugomvi, na kumwona mpinzani mkuu akipeana mikono na mkuu wa nchi lilikuwa jambo jema.

Lakini kuna swali ambalo picha zile hazikulijibu. Je, ilikuwapo njama ya kulipua vituo vya mafuta na kudhuru viongozi, kama hati ya mashtaka ilivyosema, au haikuwapo? Liulize Kirumba Mwaloni, penye mizani ya sato na magunia ya dagaa, au Makoroboi kwa machinga, na utajibiwa kwa rangi ya chama. Mwenye kadi ya kijani ya CCM atakuambia mtu alikuwa na hatia, Mama Samia kasamehe tu. Wa upande wa pili atakuambia kesi ilipikwa mwanzo hadi mwisho, na ilipoanza kuaibisha ikazikwa. Wote wawili wanasema kwa uhakika, na hakuna hata mmoja mwenye hukumu ya kukuonyesha, kwa kuwa hukumu haikuandikwa.

Nimeandika makala haya kwa sababu naamini deni hilo la hukumu ni zito kuliko linavyoonekana, na ni zito zaidi hapa Kanda ya Ziwa kuliko mahali pengi nchini. Mwanza inajua ugaidi wa kweli.

Abiria wa MV Bukoba

Asubuhi ya Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilipinduka na kuzama ikiwa inakaribia Mwanza. Iliruhusiwa kubeba abiria 430. Waliokufa walizidi 800, na wako wanaoamini walifika elfu moja. Kila mwaka tarehe hiyo ndugu hukusanyika katika makaburi ya Igoma, na hakuna mtaa wa zamani katika jiji hili usio na familia iliyopoteza mtu. Miongoni mwa waliozama alikuwamo mtu ambaye watu wa ziwani hawakumjua: Mmisri aliyefahamika kwa jina la Abu Ubaidah al-Banshiri, kamanda wa kijeshi wa al-Qaeda na mmoja wa waasisi wake. Wenzake hawakuamini kwamba amekufa kwa ajali. Walituma watu hadi Mwanza kuhakikisha, akiwamo Fazul Abdullah Mohammed, Mkomoro aliyekuja kutafutwa na dunia nzima miaka michache baadaye. Habari hizo zilikuja kujulikana katika kesi iliyosikilizwa New York mwaka 2001.

Kwa hiyo mtandao ule ulikuwa umeshatia miguu katika bandari zetu miaka miwili kabla ya Agosti 7, 1998, siku ambayo mabomu mawili yalilipuka kwa kupishana dakika chache kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213, Dar es Salaam 11. Kati ya waliokufa Dar es Salaam hakukuwa na Mmarekani hata mmoja. Na miongoni mwa waliotiwa hatiani baadaye walikuwamo Wazanzibari wawili, Khalfan Khamis Mohamed na Ahmed Khalfan Ghailani. Tulitoa waliokufa, na tulitoa waliolipua.

Maiti zilikuwa zetu, lakini mabishano juu ya nini kifanyike yakawa ya vyama vya Washington. Siku 13 baada ya milipuko, Rais Bill Clinton aliamuru makombora yapigwe kwenye kambi za Afghanistan na kwenye kiwanda cha dawa cha Al-Shifa, Khartoum. Siku tatu tu kabla ya hapo alikuwa amekiri mbele ya taifa lake uhusiano wake na Monica Lewinsky. Spika Newt Gingrich, mpinzani wake mkubwa, aliunga mkono mashambulizi yale, lakini ndani ya chama chake Gingrich wakatokea maseneta waliohoji kama rais hapigi kombora ili kufunika kashfa. Ushahidi kwamba Al-Shifa ilitengeneza malighafi ya silaha za sumu ulitiliwa shaka tangu mwanzo, na shaka hiyo haijaondoka hadi leo. Msudani aliyekosa dawa baada ya kiwanda kuwa kifusi hakuwa na chama Marekani.

Miaka 12 baadaye wakabishana tena, safari hii juu ya Ghailani. Serikali ya Barack Obama ilimtoa Guantánamo ikampeleka mahakama ya kawaida New York. Novemba 2010 baraza la wazee wa mahakama lilimwachia katika makosa 284 na kumtia hatiani katika moja. Warepublican wakasema hilo ni thibitisho kwamba gaidi hafai kupelekwa mahakama ya raia. Upande wa Obama ukajibu kwamba amepata kifungo cha maisha, na kwamba mahakama ilikataa shahidi mkuu kwa sababu jina lake lilipatikana kutokana na mateso. Wabishane watakavyo, jambo moja lilibaki mkononi mwao na sisi tulilikosa: hukumu. Iko kwenye kumbukumbu za mahakama, mwenye kutaka aisome na kuikosoa.

Adui anayeonekana na adui aliye kwenye jalada

Wazee wa mji huu hupenda kusema kwamba zamani mambo ya usalama hayakuwa na chama, na huitaja vita ya Kagera. Ni kweli. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka wa Mtukula, na Novemba wakalipua daraja la Kyaka. Watu wa kaskazini ya mto Kagera walikimbia na watoto mgongoni. Mwanza, mahali ambapo reli inakutana na ziwa, ikawa njia ya kupeleka vitu na watu mbele. Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokuja kumsaidia Amin, ilitumwa kupiga ghala la mafuta hapa mjini. Ikakosa shabaha, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, yakamjeruhi mtu mmoja na kuua wanyama kadhaa waliokuwa wakihifadhiwa pale. Watalii wanaokwenda leo kuona simba wa Saanane ni wachache wanaoambiwa habari hiyo.

Tulikuwa chini ya chama kimoja, CCM ilikuwa haijatimiza hata miaka miwili, na aliyekuwa na shaka juu ya kuendelea hadi Kampala hakuwa na jukwaa la kuisemea. Umoja ule ulikuwa na ukimya ndani yake. Ila sidhani ukimya ndio ulioufanya uwe wa kweli. Ulikuwa wa kweli kwa sababu ushahidi ulionekana kwa macho: daraja limevunjika, ng'ombe wameibwa, wakimbizi wako Biharamulo. Hakuna aliyehitaji kumwamini askari ili ajue kwamba tumevamiwa.

Ugaidi ni tofauti kabisa. Kabla bomu halijalipuka, ushahidi wote umo ndani ya jalada la polisi: simu iliyonaswa, fedha iliyotumwa, maelezo ya onyo ya mtuhumiwa, shahidi ambaye jina lake linafichwa. Raia hawezi kuuona. Anachoweza ni kuwaamini au kutowaamini walioliandaa. Ndiyo maana neno ugaidi likitumika vibaya mara moja dhidi ya mshindani wa kisiasa, hasara yake haiishii kwa mshindani huyo. Inakwenda hadi kwenye jalada linalofuata, ambalo huenda ni la kweli.

Na si kwamba hatukuonywa. Baada ya Septemba 11, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio 1373 la Septemba 28, 2001, likizitaka nchi zote zitunge sheria. Bunge letu likapitisha Sheria ya Kuzuia Ugaidi mwaka 2002. CUF iliipinga, taasisi nyingi za Kiislamu zikaipinga, watetezi wa haki za binadamu wakaonya kwamba tafsiri ya ugaidi ni pana mno na mamlaka ya polisi ni makubwa mno. Waliotetea sheria wakajibu kwamba nchi iliyozika watu 11 haiwezi kukaa bila kinga, na wakaonyesha kwamba sheria yenyewe ina kifungu kinachotenga maandamano na migomo isiyokusudia kudhuru watu. Ukisoma hoja za pande zote leo, unaona kwamba kila upande ulikuwa na jambo la haki. Kinga ilihitajika kweli. Na hofu ya wapinzani nayo ilikuja kutimia.

Mmoja wa wabunge wa upinzani wa wakati huo alikuwa Wilfred Lwakatare, mbunge wa Bukoba Mjini kwa tiketi ya CUF. Miaka 11 baadaye, Machi 2013, akiwa mkuu wa usalama wa Chadema, alifikishwa Kisutu kwa sheria ileile, kufuatia video iliyosambazwa mtandaoni ikidaiwa kumwonyesha akipanga njama dhidi ya mwandishi wa habari. Mei mwaka huo Mahakama Kuu iliyaondoa mashtaka ya ugaidi, likabaki shtaka moja la kawaida. Jaji alikuwa ametenganisha kosa la jinai na ugaidi. Hilo lilikuwa somo zuri, bahati mbaya halikusomwa.

Mwezi uliofuata, Juni 15, 2013, bomu lilirushwa kwenye mkutano wa kampeni wa Chadema katika viwanja vya Soweto, Arusha. Watu waliuawa. Hilo lilikuwa shambulio lenyewe hasa, mchana kweupe, mbele ya umma. Badala ya nchi kusimama pamoja juu ya maiti wale, zilianza tuhuma: Chadema ikiwanyooshea vidole polisi na kudai tume ya kimahakama, na kutoka upande wa CCM zikisikika kauli kwamba Chadema wamejilipua wenyewe ili wapate huruma. Wiki nzima ikaisha watu wakibishana ni chama gani kimefaidika na vifo. Mimi naiona siku ile kama kipimo tulichofeli sote.

Msikiti wa Mkolani

Mei 18, 2016 ikawa zamu ya Mwanza. Watu waliofunika nyuso waliingia msikitini eneo la Ibanda, Mkolani, wakati wa sala ya usiku, wakiwa na mapanga na mashoka. Waliwaua waumini watatu, imamu akiwamo. Waliouawa walikuwa Waislamu waliokuwa wakimwabudu Mungu wao, jambo ambalo kila anayefungamanisha ugaidi na Uislamu angepaswa kulikumbuka kila siku.

Siku 20 baadaye, Juni 7, polisi walipiga marufuku mikutano yote ya hadhara ya vyama vya siasa nchini, wakitaja sababu za kiusalama. Chadema ilikuwa imepanga mkutano Kahama, jirani zetu. Marufuku ile, iliyotangazwa kama ya muda, ilidumu hadi Rais Samia alipoiondoa Januari 3, 2023. Nayataja matukio haya pamoja kwa sababu mtu wa kawaida aliyapokea pamoja. Alisikia neno usalama likitajwa kwa damu ya Mkolani, kisha akasikia neno hilohilo likitajwa kwa mkutano wa hadhara wa Kahama. Ukiyaweka mambo mawili yasiyolingana katika kapu moja, mnunuzi atalishuku kapu zima.

Halafu ilikuja 2021. Katikati ya Juni mwaka huo DPP alifuta mashtaka ya ugaidi dhidi ya masheikh wa Uamsho wa Zanzibar, akiwamo Sheikh Farid Hadi Ahmed na Sheikh Mselem Ali Mselem, waliokaa mahabusu miaka saba na zaidi huku kesi ikitajwa na kuahirishwa, ikitajwa na kuahirishwa. Walitoka bila kuhukumiwa na bila kusafishwa. Wengi walidhani ukurasa umefungwa. Haukupita hata mwezi na nusu, Mbowe akawa kizimbani.

Kesi yake ilisikilizwa katika Mahakama Kuu, Divisheni ya Makosa ya Rushwa na Uhujumu Uchumi, pamoja na makomandoo watatu wa zamani wa JWTZ. Upande wa mashtaka ulidai kwamba kati ya Mei na Agosti 2020 Mbowe aliwatafuta wanajeshi hao na kuwatumia fedha, kiasi kisichofika shilingi 700,000, ili wafanye mashambulizi katika mikoa kadhaa na kumdhuru Lengai Ole Sabaya, aliyekuwa Mkuu wa Wilaya ya Hai. Utetezi ukajenga hoja kwamba alikuwa akitafuta walinzi tu. Kwa kiongozi wa chama ambacho mbunge wake, Tundu Lissu, alimiminiwa risasi Dodoma Septemba 7, 2017, kutafuta walinzi hakuhitaji maelezo marefu. Lakini wajibu wa kupima hoja hizo ulikuwa wa mahakama.

Na mahakama ilikuwa inazipima. Majaji watatu walipokezana: Elinaza Luvanda alijitoa baada ya washtakiwa kuonyesha hawana imani naye, Mustapha Siyani akaondoka alipoteuliwa kuwa Jaji Kiongozi, Joachim Tiganga akaendelea. Kulikuwa na kesi ndogo ndani ya kesi kubwa, washtakiwa wakidai waliteswa ili watoe maelezo ya onyo; jaji akasikiliza, akayapokea maelezo. Mashahidi 13 wa Jamhuri walihojiwa, na maswali ya mawakili na majibu yao yalisomwa kila jioni na watu ambao hawajawahi kukanyaga mahakamani. Makondakta wa daladala za Igoma na Buhongwa walikuwa wakibishana juu ya namba ya bastola na rejesta ya mahabusu. Sikumbuki kesi nyingine iliyowafundisha Watanzania sheria ya ushahidi kwa kiasi kile.

Februari 18, 2022, Jaji Tiganga aliamua kwamba washtakiwa wana kesi ya kujibu. Neno hilo wengi hulielewa visivyo. Halimaanishi kwamba mtu ana hatia. Lina maana kwamba ushahidi wa Jamhuri, ukiachwa bila kujibiwa, unatosha kumtaka mshtakiwa ajitetee. Utetezi ulikuwa uanze Machi 4. Siku hiyohiyo kesi ikaondolewa.

Hapo ndipo ninapotofautiana na marafiki zangu wa pande zote mbili. Wa upande wa serikali wanasema mambo yameisha salama, tusifukue. Wa upinzani wanasema mtu wetu katoka, inatosha. Mimi nasema haitoshi. Kama ushahidi ulikuwapo, basi Watanzania waliotishiwa kulipuliwa kwenye vituo vya mafuta, waliokuwa pale kujaza pikipiki zao tu, walistahili kuona sheria ikifika mwisho. Kama haukuwapo, wanaume wanne walinyimwa uhuru bila sababu, watatu kati yao kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu, tangu Agosti 2020, na walistahili kusikia jaji akisema hawana hatia. Rais mwenyewe alikuwa ameiambia BBC Agosti 2021 kwamba shauri lile halikuwa la kisiasa. Kesi isiyo ya kisiasa haifutwi saa chache kabla ya chai ya Ikulu. Na kesi ya kisiasa haipaswi kufunguliwa kwa sheria iliyotungwa kwa ajili ya watu waliolipua balozi.

Kwa sheria ilivyokuwa wakati ule, kifungu cha 91 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kilimruhusu DPP kuiondoa kesi bila kueleza sababu, na kuondolewa huko hakukumzuia kumshtaki mtu upya. Aliyeachiwa kwa njia hiyo anatembea huru, lakini wingu liko juu yake. Januari 21, 2023, mwaka mmoja na nusu kamili tangu akamatwe, Mbowe alirudi Mwanza na kuhutubia umati katika viwanja vya Furahisha, mkutano wa kwanza wa chama chake baada ya marufuku kuondolewa. Watu walishangilia sana. Bado, wapo waliokuwa wamesimama kando ya barabara siku ile wakiwa na shaka mioyoni, na hakuna karatasi ya mahakama ya kuwaondolea.

Mahali mtu alipoketi

Tusijidanganye kwamba hili ni letu peke yetu. Zunguka ziwa lote. Uganda ilitunga sheria yake ya ugaidi mwaka 2002 kama sisi, na Novemba 2005 mpinzani Kizza Besigye, miezi michache kabla ya uchaguzi, alishtakiwa kwa ugaidi katika mahakama ya kijeshi. Mahakama ya Katiba ikasema mahakama hiyo haina mamlaka hayo. Miaka mitano baadaye, Julai 11, 2010, al-Shabaab waliua watu zaidi ya 70 Kampala waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia. Ugaidi wa kweli ulikuja, ukakuta neno lenyewe limeshachoka.

Kenya nako, majeshi yaliingia Somalia Oktoba 2011, Raila Odinga akiwa Waziri Mkuu wa serikali iliyoyatuma. Mwaka 2014, baada ya shambulio la Westgate, Nairobi, na akiwa upinzani, alitaka yarudi nyumbani. Desemba mwaka huo muswada wa sheria za usalama ulipitishwa bungeni Nairobi huku wabunge wakipigana ngumi na kumwagiana maji, na miezi miwili baadaye Mahakama Kuu ikafuta vifungu vinane. Sisemi Raila alikosea 2011 au 2014. Hali inaweza kumbadilisha mtu mawazo kihalali. Nasema msimamo juu ya vita na ugaidi mara nyingi hufuata kiti.

Hapa kwetu tunaye mfano wetu. Mwaka 2010 wapiga kura wa Nyamagana walimwangusha Lawrence Masha, Waziri wa Mambo ya Ndani, bosi wa polisi wote nchini, wakamchagua Ezekiah Wenje wa Chadema. Mwaka 2015 Masha akahamia Chadema, akajikuta miongoni mwa wanaolalamikia polisi, kabla ya kurudi CCM. Kila mbunge anayeinua mkono kuipa polisi mamlaka mapya afikirie kwanza kwamba siku moja huenda yeye ndiye atakayekuwa upande wa pili wa jalada.

Angalia pia jinsi tunavyowatuma vijana wetu nje. Katiba, ibara ya 44, inamtaka Rais anapotangaza vita, tangazo lifike kwa Spika na Bunge liitishwe ndani ya siku 14. Lakini kikosi cha kulinda amani hakipiti njia hiyo. Desemba 7, 2017, waasi wa ADF waliishambulia kambi yetu Semuliki, Kivu Kaskazini, na kuua askari wasiopungua 14. Nchi iliomboleza bila kujali chama, na hiyo ni heshima yetu. Lakini mjadala wa maana bungeni juu ya lengo la vikosi hivyo, na lini vitarudi, umekuwa mdogo mno. Mabishano ya vyama juu ya jambo kama hilo yangekuwa mabishano yenye afya. Tumeyakwepa hayo, tukabishania ya Kisutu.

Na mambo hayajatulia. Aprili 2025 Lissu alikamatwa Mbinga na kushtakiwa kwa uhaini, Chadema ikaondolewa kwenye uchaguzi. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, na umwagaji damu uliofuata, Mwanza ikiwamo, mamia ya watu walifikishwa mahakamani, wengi kwa uhaini, kosa lisilo na dhamana na ambalo adhabu yake ni kifo. Novemba wengi wao wakafutiwa mashtaka. Vijana wakarudi Igoma, Nyegezi na Kirumba kama alivyorudi Mbowe: huru, bila hukumu. Shtaka limebadilika jina, utaratibu ni uleule.

Anayelipa gharama ya haya yote ni mlinzi wa kwanza wa mji huu, raia. Siku wauaji wa Mkolani wengine watakapopanga, hawatagunduliwa na ndege wala kombora. Watagunduliwa na mama aliyeona wageni wasioeleweka katika chumba cha kupanga, au mvuvi aliyeombwa kuvusha mzigo usiku kwenda visiwani. Mtu huyo atapiga simu ikiwa anaamini kwamba taarifa yake itatumika kumkamata mhalifu, na kwamba jirani yake asiye na kosa hatachukuliwa kwa sababu alivaa kombati ya chama. Asipoamini, atafunga mlango.

Bunge la sasa karibu lote ni la CCM, na hilo linawaongezea wajibu wabunge wetu, kwa kuwa hakuna wa kumtupia lawama. Wabunge wa Nyamagana na Ilemela walete hoja ya kubana tafsiri ya ugaidi katika sheria ya 2002, ya kuweka ukomo wa muda ambao mtu anaweza kukaa mahabusu kwa shtaka la ugaidi au uhaini kabla ushahidi haujasikilizwa, na ya kumtaka DPP atoe sababu kwa maandishi anapoiondoa kesi ambayo jaji ameshasema ina la kujibiwa. CCM isiogope sheria hiyo; itawalinda watu wake pia. Na Mkurugenzi wa Mashtaka hahitaji kusubiri Bunge. Awaambie wananchi wa Mwanza, walioshuhudia mwanzo wa kesi ile katika mji wao, kwa nini ilifunguliwa na kwa nini iliondolewa.